Uzi Mnene, Sauti Nene: Lugha ya Waundaji wa Magitaa ya Kopo Mwaloni Kibirizi



 Desturi ya mihadhara yetu ya hadhara ni kwamba mzungumzaji huchagua mada nzito: usanifishaji wa lugha, fonolojia ya lahaja, nafasi ya Kiswahili katika jumuiya za kikanda. Mimi nimechagua kopo la mafuta ya kupikia. Mliokuja mkitarajia makubwa zaidi naomba mnivumilie kidogo, kwani ndani ya kopo hilo limo swali ambalo limetushughulisha katika taaluma hii kwa miaka mingi, yaani kama Kiswahili kinao uwezo wa kubeba maarifa ya sayansi, na kama kinao, uwezo huo unakaa wapi.

Hoja yangu naweza kuitoa mapema. Vijana wanaounda ala za nyuzi kwa mikono yao katika ukingo wa Ziwa Tanganyika wanao msamiati wa Kiswahili wa kuelezea sauti ambao ni sahihi zaidi kuliko ule tunaoutumia sisi tunapotafsiri vitabu vya fizikia. Sisemi kwamba ni msamiati mtamu, au wenye asili, au wenye kutupa fahari. Nasema ni sahihi, kwa maana kwamba hutenganisha mambo ambayo msamiati wetu wa tafsiri huyachanganya. Nitajaribu kulithibitisha hilo, lakini kwanza sina budi kueleza ala zenyewe na mahali zinapoundwa.

Mahali na vifaa

Kibirizi ni kata na mwalo ulio kaskazini ya mji wa Kigoma, ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Kutoka hapo maboti ya abiria huelekea vijiji vya kaskazini, hadi Gombe na Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi. Dagaa na migebuka huteremshwa alfajiri, dagaa huanikwa, mawese hupita kwa madumu. Kwa mtafiti wa lugha mwalo huu ni shule. Kiha na Kiswahili husikika pamoja na Kirundi, Kibembe na Kiswahili cha ng'ambo ya Kongo, na mara nyingi mtu mmoja huzipita tatu kati ya hizo katika kuuza ndoo moja ya dagaa.

Kwa mwunda ala, mwalo ni ghala lisilo na mlango. Mshipi wa nailoni upo wa kila unene, kwa sababu wavuvi huutumia na mabaki yake hutupwa. Vipande vya mbao huachwa na mafundi wa maboti. Misumari iliyopinda huokotwa na kunyoshwa. Baiskeli, ambazo hubeba mizigo mingi katika mji ule, huacha nyaya za breki zilizochakaa, na waya mmoja wa breki ukifumuliwa hutoa nyuzi nyingi nyembamba za chuma. Kilichoadimika siku hizi ni kopo lenyewe. Mafuta ya kupikia sasa huuzwa zaidi katika vyombo vya plastiki, na plastiki, kama kila mtoto wa mwaloni ajuavyo, hailii. Jina halijabadilika pamoja na chombo: nimeona ala yenye tumbo la dumu la plastiki, na bado mwenyewe aliiita gitaa la kopo.

Uundaji wenyewe hauna siri. Kopo la mstatili la lita 4 au 5 hulazwa na kukatwa tundu katika upande mmoja mpana. Ubao mwembamba wenye urefu wa kama mkono wa mtu mzima hupenyezwa katika kopo kutoka upande wa juu hadi upande wa chini, ili usichomoke nyuzi zinapovutwa. Fundi asiyejua hili hupigilia ubao kwenye bati kwa misumari, na gitaa lake hukunjamana siku ya kwanza. Ncha ya chini ya ubao hutiwa misumari ya kufungia nyuzi. Ncha ya juu hutobolewa na kutiwa vigingi vya mti, kimoja kwa kila uzi. Kijiti huwekwa juu ya bati, chini ya nyuzi, ili kuzinyanyua na kupeleka mtetemo wake katika kopo. Nyuzi huwa tatu au nne. Baadhi hutoboa vizibo vya soda na kuvining'iniza kwa waya karibu na tundu ili sauti iwe na mkwaruzo. Msikilizaji aliyezoea gitaa la dukani hudhani mkwaruzo huo ni kasoro. Sivyo. Ni chaguo, na lina ndugu zake katika ala nyingi za Afrika, kuanzia mbira za Zimbabwe zenye vizibo hivyohivyo hadi marimba yenye vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui.

Sehemu za ala hutajwa kwa viungo vya mwili: kichwa, shingo, tumbo, mgongo. Vigingi niliwahi kuvisikia vikiitwa masikio, na anayevizungusha akisemwa anamvuta gitaa masikio, kama mwalimu wa zamani afanyavyo kwa mwanafunzi mtukutu. Gitaa dogo huitwa kagitaa, na wingi wake tugitaa. Wanafunzi wangu wa mofolojia watatambua ka- na tu- za udogo, ambazo Kiswahili sanifu kimezikataa na kuchukua ki- na vi-, lakini ambazo zi hai katika Kiswahili cha Kongo, na ambazo Kiha huzilea kwa aka- na utu- zake. Mtoto wa Kibirizi anayesema kagitaa hajakosea Kiswahili. Amesema Kiswahili cha ziwa lake.

Zeze, nanga, kinanda

Ni kosa kudhani kwamba gitaa la kopo lilianza na gitaa la dukani. Kabla yake kulikuwa na zeze, na historia ya neno hili ni ndefu kiasi kwamba inafaa tutulie hapo kidogo.

Zeze la kale la pwani na la njia za misafara ni ufito bapa uliochongwa, wenye meno machache, kwa kawaida matatu, upande mmoja. Uzi mkuu hupita juu ya meno hayo. Uzi mwingine au nyuzi mbili hupita ubavuni na hupigwa bila kubanwa. Chini ya ufito hufungwa nusu kibuyu, na mpigaji hukiegemeza kifuani, akikisogeza karibu na kukitenga ili sauti ifunguke na kufumba. Richard Burton alifika Ujiji mwezi Februari 1858, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860 zeze na kinanda vyote vimetajwa kwa majina hayo hayo.

Tazameni sasa jina hili linavyotembea. Ngazija na visiwa jirani vina dzendze. Bukini ina jejy, na lile lenye kibuyu huitwa jejy voatavo, voatavo ikiwa ni kibuyu. Shelisheli ina zez. Tukiingia bara hadi Kongo ya mashariki tunakuta nzenze na lunzenze. Mwaka 1960 J. S. Laurenty alitoa utafiti wake mkubwa kuhusu ala za nyuzi za Kongo na Ruanda-Urundi kutokana na mikusanyo ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na ala ya umbo hili imo humo. Kwa kuwa ala za ufito na kitoa mwangwi zipo pia Sulawesi, Indonesia, wapo wataalamu waliopendekeza kwamba umbo lake lilivuka Bahari ya Hindi pamoja na walowezi wa Bukini, kisha likaingia bara kwa misafara ya karne ya 19. Pendekezo hilo kuhusu umbo ni la kuheshimiwa. Kuhusu neno ninasita zaidi. Takriri ya silabi na mzomeo wa z hutokea kwa urahisi katika maneno yanayoiga sauti. Kiswahili kinaye nyenze, mdudu aliaye usiku, na mtu mwenye haraka angeweza kumpachika katika ukoo wa zeze kabla ya chakula cha mchana. Mfanano si etimolojia. Niliwaambia hivyo wanafunzi wangu kwa miaka mingi na sioni sababu ya kuacha sasa.

Lililo wazi ni kwamba neno hilo halishikamani na umbo moja. Kwa Wagogo wa Dodoma zeze ni ala inayopigwa kwa upinde, yenye nyuzi mbili au zaidi, na kwa sababu ya umaarufu wa marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, hiyo ndiyo picha inayowajia Watanzania wengi wanaposikia neno hili. Kwa mpango wa Hornbostel na Sachs wa mwaka 1914, ambao bado hutumiwa na makumbusho duniani, zeze la ufito na zeze la Wagogo huangukia katika makundi mawili tofauti. Kiswahili kimeyaita kwa jina moja. Je, Kiswahili kimekosea? Nadhani Kiswahili kilikuwa kinajibu swali jingine. Mpango ule huuliza ala imejengwaje. Neno zeze hujibu ni nani ameijenga na kwa nini: ni ala ya nyuzi ya mtu mmoja, aliyoiunda mwenyewe, ya kujisindikizia uimbaji. Kwa maana hiyo gitaa la kopo ni zeze, na mzee mmoja wa Ujiji alipoliita hivyo mbele yangu, vijana wakacheka, mimi nikaandika.

Kinanda kina safari nyingine. Katika kitabu cha Burton ni ala ya nyuzi, na mojawapo ya aina zake ni kisanduku cha mbao kilichotandazwa nyuzi juu yake. Baadaye jina hilo lilichukuliwa na ala za Kizungu za vibao vya kubonyeza, za nyumbani na za kanisani, kisha na mashine ya santuri. Nanga nayo huleta kisa cha kuchekesha katika mwalo wa Kibirizi. Kirundi kina inanga, Wahaya wana enanga: ubao uliochongwa kama bakuli refu la kina kifupi, na uzi mmoja mrefu ukipitishwa juu yake huku na huko mara kadhaa. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi, wote wawili wakiwa katika kundi la D60 la Guthrie. Lakini kwa Mswahili wa mwaloni nanga ni chuma kinachozuia boti lisichukuliwe na mawimbi, na neno hilo huhusishwa na Kiajemi, langar. Maneno mawili yasiyo na udugu wowote yamekutana katika ufuko mmoja, na mtu anayeyajua yote mawili hupata mzaha wa bure.

Unene, uzito na ukali

Sasa niingie katika kiini. Mtu mzima mwenye sauti ya besi, kwa Kiswahili, ana sauti nene, au sauti nzito. Mtoto ana sauti nyembamba. Ikiwa sauti hiyo inachoma sikio, ni kali. Hii ni lugha ya kila siku, haina mwenyewe.

Kiingereza hutumia njia nyingine. Huifananisha sauti na ngazi: sauti nyembamba iko juu, sauti nene iko chini. Ngazi hiyo ndiyo iliyoingia katika vitabu vyetu kwa njia ya tafsiri. Tatizo ni kwamba Kiswahili kilikuwa tayari kinatumia juu na chini kwa sauti, kwa kazi tofauti kabisa. Tunaposema fulani anaongea kwa sauti ya juu, tuna maana kwamba anapaza, anasikika mbali. Sauti ya chini ni ya mnong'ono. Kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa kwamba uzi uliokazwa hutoa sauti ya juu ana kila haki ya kuelewa kwamba uzi uliokazwa hutoa makelele. Si mjinga. Anajua lugha yake.

Vijana wa Kibirizi hawana mkanganyiko huo. Nilipokaa nao wakati wa kutia nyuzi, nilisikia wakitumia maneno manne yenye mipaka. Wakilinganisha nyuzi mbili za mshipi husema huu mnene, sauti yake nene. Huu mwembamba, sauti yake nyembamba. Wakizungusha kigingi husema sauti inakuwa kali, au imelegea. Wakiweka kidole kwenye shingo husema wanabana. Na kama ala haisikiki mbali husema sauti yake ni ndogo, iko chini, na hapo hawazungumzii nyuzi tena, wanazungumzia kopo.

Naomba wenzetu wa fizikia waliomo ukumbini wanisahihishe nikiteleza. Mfaransa Marin Mersenne alieleza mwaka 1636 kwamba wingi wa mitetemo ya uzi hutegemea mambo matatu. La kwanza ni urefu: uzi ukifupishwa nusu, mitetemo kwa sekunde huwa maradufu. La pili ni mkazo: ili kupata maradufu ileile kwa kukaza, mkazo lazima uwe mara 4. La tatu ni uzito wa kila kipimo cha urefu: uzito ukiwa mara 4, mitetemo hupungua nusu. Sasa chukueni mishipi miwili ya nailoni, mmoja wa milimita 0.5 na mwingine wa milimita 1. Wa pili una kipenyo mara 2, hivyo uzito mara 4, hivyo kwa urefu na mkazo uleule hutetema nusu ya mara za mwenzake. Unene wa uzi na unene wa sauti vinakwenda pamoja, na kanuni ya tatu ya Mersenne imo ndani ya kivumishi kimoja cha Kiswahili. Kubana ni kanuni ya kwanza. Ukali na kulegea ni kanuni ya pili. Ukubwa na udogo wa sauti viko nje ya kanuni zote tatu, mahali vinapostahili.

Lakini mtafiti asiridhike upesi. Uzi wa chuma uliofumuliwa kutoka waya wa breki ni mwembamba sana kwa macho, na bado hautoi sauti nyembamba kama mtu angetarajia kwa unene wake. Chuma kina uzani wa karibu mara 7 ya nailoni kwa ujazo uleule. Nimepiga hesabu: uzi wa chuma wa milimita 0.3 una karibu gramu 0.55 kwa kila mita, na mshipi wa nailoni wa milimita 0.8 una karibu gramu 0.57. Kwa sauti ni ndugu, ingawa kwa jicho mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mwingine. Hapa kivumishi -nene kinaelekea kushindwa. Niliuliza juu ya hilo makusudi, nikitaka kuona lugha itafanya nini. Kijana wa miaka kama 13 alinipa nyuzi zote mbili mkononi, akaniambia kwa heshima kubwa, akiniita babu, kwamba waya ni mwembamba lakini ni mzito. Alihama kutoka -nene kwenda -zito bila kusita, yaani alihama kutoka kwenye dalili kwenda kwenye sababu. Mersenne hakusema unene, alisema uzito. Sidhani kwamba kijana yule alijua kuwa amefanya jambo la kisayansi. Alikuwa anataka gitaa lake lilie.

Upo upinzani ninaoutarajia. Mtu anaweza kusema kwamba hii ni bahati tu ya sitiari, na kwamba kila lugha ina zake. Ni kweli kila lugha ina zake, na Kiswahili hakiko peke yake katika hii: Kiajemi na Kituruki navyo husema sauti nene na sauti nyembamba. Mwaka 2013 Sarah Dolscheid na wenzake walichapisha majaribio yaliyolinganisha wasemaji wa Kiholanzi, ambao husema juu na chini, na wasemaji wa Kiajemi. Washiriki waliombwa kurudia kwa kuimba sauti waliyoisikia huku wakitazama mistari. Waholanzi walipotoshwa na mstari uliokaa juu au chini. Waajemi walipotoshwa na mstari mnene au mwembamba. Waholanzi walipofundishwa kwa muda mfupi kutumia lugha ya unene, nao walianza kupotoshwa na unene. Sitaki kujenga ghorofa juu ya msingi huo. Wale wanaosema lugha hufunga fikra kama gereza hawatapata msaada kwangu. Lakini jaribio kama hilo laweza kufanywa kwa wasemaji wa Kiswahili, tena kwa gharama ndogo, na nashangaa wanafunzi wa shahada ya uzamili bado wananiletea mapendekezo ya utafiti kuhusu majina ya maduka.

Upinzani wa pili una nguvu zaidi. Sitiari ya unene ni ya Waswahili wote, basi kwa nini nimsifu mwunda gitaa? Jibu langu ni kwamba msemaji wa kawaida ana maneno, ila hana haja ya kuyatenganisha. Kwake nene, nzito na ya besi ni kitu kimoja. Mwunda ala akichanganya nene na kulegea, uzi utakatika au hautalia, na mshipi mzuri umepotea. Ni kazi ya mkono iliyolazimisha maneno yawe na mipaka. Hivyo ndivyo istilahi huzaliwa katika lugha yoyote, na hivyo ndivyo zilivyozaliwa istilahi za mabaharia na mafundi waashi wa pwani yetu, ambazo kamusi zetu zimezitendea haki zaidi.

Darasani

Hadi leo sayansi katika shule zetu za sekondari nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza. Mjadala kuhusu jambo hili mnaufahamu na sitaurudia wote. Nitasema lile tu linalohusu uzi. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa kidato cha nne, waliokwisha kufundishwa mada ya mawimbi, wanieleze kwa Kiswahili kwa nini nyuzi mbili za gitaa hutoa sauti tofauti. Walio wengi walianza kwa kutafsiri neno kwa neno kutoka katika daftari, wakafika kwenye sauti ya juu, kisha wakajikuta wanaeleza ukubwa wa sauti. Mmoja wao alikuwa ameunda magitaa ya kopo utotoni, hilo nililijua. Alipoombwa aache daftari na azungumze kama anavyozungumza na mdogo wake, alieleza urefu, mkazo na uzito kwa usahihi, kisha akauliza kama majibu hayo yangekubaliwa katika mtihani.

Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Mtihani ni wa Kiingereza.

Watu hudhani kwamba kikwazo cha kufundisha sayansi kwa Kiswahili ni uhaba wa istilahi. Tangu mwaka 1990 tunayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, na Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa likisanifu istilahi tangu lilipoundwa mwaka 1967. Kazi hiyo ninaiheshimu; baadhi yetu tulikaa katika vikao vyake. Shaka yangu ni juu ya utaratibu. Vikao huanza na orodha ya maneno ya Kiingereza na kuuliza kila moja litaitwaje. Kwa elementi za kemia utaratibu huo unafaa, kwani hakuna fundi wa mtaani anayefanya kazi na sizimu. Kwa sauti, joto, msuguano, mwendo wa maji na uzito, haufai, kwa sababu wapo watu wanaofanya kazi na mambo hayo kila siku kwa Kiswahili na hakuna aliyewauliza. Orodha inayoanza na ngazi ya Kiingereza itarudi na ngazi, hata kama Kiswahili kilikuwa kinapima kwa unene.

Kazi iliyobaki

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba kidahizo cha zeze katika kamusi zetu kiandikwe upya, kikieleza ala ya ufito, ala ya upinde ya Wagogo na matumizi ya jumla ya neno hili, badala ya kumpa msomaji fasili ya nyuzi mbili tatu na kumwachia abahatishe. Ninapendekeza pia kwamba -nene, -embamba na -zito zipewe maana yao ya sauti waziwazi, na kwamba sauti ya juu iachwe ibaki na kazi yake ya zamani ya kupaza. Hilo la mwisho litapingwa na walimu wa muziki waliozoea nota za makanisani, ambako juu na chini huonekana kwenye karatasi. Wana sababu zao. Wanaweza kuendelea kusema nota ya juu, ilimradi fizikia isilazimishwe kuwafuata.

Kwa wanafunzi watakaokwenda nyanjani ninalo la kuongeza. Msikusanye nomino peke yake. Orodha za ala zilizofanywa na watafiti waliotutangulia, hata zile nzuri, zimejaa majina ya vitu na zina vitenzi vichache, na elimu ya mwunda ala imo katika vitenzi: kukaza, kulegeza, kubana, kuwamba, kufumua, kucharaza. Pimeni nyuzi kwa kipimo cha milimita mnapoandika maneno, kwa sababu neno -nene bila kipimo halitamsaidia mtu yeyote baada ya miaka 50. Rekodini kwa simu zenu, ambazo ni bora kuliko mashine zote nilizobeba mimi. Na mfanye mapema. Simu hiyohiyo humpa kijana wa Kibirizi muziki wa dunia nzima bila kufumua waya hata mmoja, na makopo ya bati yanazidi kupungua.

Kuna kijiti nilichokitaja mwanzoni, kile kinachosimama juu ya bati na kunyanyua nyuzi. Kikiondolewa ala yote hunyamaza. Vijana niliowasikia walikiita kijiti tu, au walikionyesha kwa kidole wakasema hiki. Mafundi wa magitaa ya umeme mjini walinipa jina la Kiingereza. Nisingependa tukae kikao na kukitafutia jina humu ukumbini. Ningependa mmoja wenu aende Ujiji, Kasulu na Kibondo akawaulize wazee waliowahi kuchonga zeze wao walikiitaje, na aniletee jibu nikiwa bado naweza kulisoma bila miwani ya pili.